Nusu ya Neno

Kila siku masomo yakiisha, Redio hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia chumba cha kushonea cha mama yake, akatua mkoba nyuma ya mlango, akachukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuanza kuiburuta sakafuni kuokota pini na sindano zilizodondoka tangu asubuhi. Baada ya hapo alifagia vipande vya kitambaa na nyuzi, akapanga vifungo kwenye mikebe kwa rangi na ukubwa. Kazi hiyo aliijua tangu akiwa mdogo wa kutofikia meza, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa jingine, lakini hata walimu walishamzoea kwa hili. Alilipata akiwa darasa la tatu, kwa sababu habari yoyote iliyoingia sikioni mwake asubuhi ilikuwa imefika mtaa wa pili kabla ya mapumziko ya saa nne. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, na aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote mpaka watu wakashika mbavu. Tatizo ni kwamba habari ikipita kwake haikutoka kama ilivyoingia. Ikikosa chumvi, aliitia. Ikiwa ndefu, aliifupisha pale alipopenda yeye.

Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo, ila kila kitu kilikuwa na mahali pake. Katikati palikuwa na meza ya kukatia. Dirishani cherehani mbili zilitazamana. Moja ilikuwa ya mama, ambaye alipima, alikata na kuunga. Ya pili ilikuwa ya Mama Mdogo, aliyeshona kola, matundu ya vifungo na pindo, kisha akapiga pasi. Mama Mdogo hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa mama tangu ujana wao, na walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka tisa, chanda na pete. Mmoja akianza wimbo, mwenzake aliumalizia bila kuinua kichwa.

Wiki hizo walikuwa na kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata: sare arobaini za wauguzi wa zahanati mpya. Zahanati ingefunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kitambaa kilikuwa cha buluu, kola nyeupe, vifungo sita kila sare.

"Nitungie uzi, mwanangu," mama alimwambia Redio jioni moja. "Mikono yangu ina jasho."

Redio alitunga uzi. Ilikuwa mara ya tano siku hiyo, lakini hakulifikiria hilo.

Siku ya Jumanne mama alikwenda dukani kufuata nyuzi. Redio alipofika, alikuta mlango wa chumba umeegeshwa tu. Ndani alisikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya muuguzi mkuu, yule mama mrefu aliyeleta kazi ya sare. Nyingine ilikuwa ya Mama Mdogo, na ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayetoa siri. Redio alisimama, akazuia pumzi.

"Mishono yake siku hizi inapinda," alisema Mama Mdogo. "Jana nimefumua kola tatu alizonisaidia kushona, nikazishona upya, na mwenyewe hajui."

"Kwa hiyo unapendekeza nini?" aliuliza muuguzi mkuu.

Redio hakungoja jibu. Alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akageuka, akatoka mbio kuelekea dukani kumtafuta mama yake. Kifua kilimdunda kwa hasira, na, kusema kweli, kwa furaha kidogo pia, ile furaha ya kuwa wa kwanza kujua. Alichosikia kilikuwa kifupi, lakini njia ilikuwa ndefu, na kwa kila hatua habari ilizidi kunona. Alipomwona mama yake kwenye kona, amebeba mfuko wa nyuzi, habari ilikuwa imeiva.

"Mama, Mama Mdogo anakusema kwa muuguzi mkuu."

"Ananisema vipi?"

"Anasema mishono yako imepinda kama njia ya ng'ombe. Eti kazi hii huiwezi, afadhali apewe mtu mwingine. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Mama alisimama. Redio alitarajia atapandisha sauti, lakini hakufanya hivyo. Aliuhamisha mfuko kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akatazama barabara kwa muda.

"Amesema hivyo? Mbele ya mteja?"

"Ndiyo, mama."

"Twende nyumbani," alisema mama. Siku hiyo hakurudi kazini.

Kesho yake Mama Mdogo alifika na wimbo mdomoni kama kawaida. Alipoanza ubeti, hapakuwa na aliyemalizia. Mama alikuwa ameinamia meza, akizigeuza na kuzipapasa kola zilizokamilika moja moja. Katika kola tatu alizokuwa amezishona yeye, vidole vyake vilihisi vitobo vidogo vya mshono uliofumuliwa. Anayetafuta ubaya haukosi. Mama alizirudisha kola mahali pake, na hakuuliza kitu.

Alhamisi Mama Mdogo alimkuta Redio bombani akichota maji ya pasi.

"Mwanangu, mama yako ana nini? Nikimsalimu ananijibu kama ananidai deni."

Hapo Redio angeweza kusema sijui. Angeweza pia kusema, muulize mwenyewe. Lakini ulimi wake haukuwa na desturi ya kupumzika. Usiku uliotangulia alimsikia mama yake akinong'ona peke yake kwa machozi, "Miaka tisa naishi na mtu, kumbe simjui." Neno hilo lilikuwa la huzuni. Lilipotoka kinywani mwa Redio lilikuwa na sura nyingine.

"Anasema miaka yote tisa umekuwa ukimla kisogo, Mama Mdogo."

Mama Mdogo aliiweka ndoo chini. "Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

Ijumaa yalilipuka. Mama Mdogo aliomba mkasi, mama akausukuma mezani badala ya kuutoa mkononi, ukaanguka. Jambo dogo kama hilo.

"Kama hunitaki humu ndani, niambie," alisema Mama Mdogo.

"Mtu anayetaka kazi yangu ndiye anayepaswa kuniambia," mama alijibu.

"Kazi yako? Leo imekuwa yako?"

"Uliza roho yako."

"Roho yangu ni safi. Nadhani ni yako inayokusumbua, maana mtu hawezi kuliwa kisogo miaka tisa halafu akacheka na anayemla."

Mama hakuelewa maneno hayo yalikotoka, na hakuuliza. Mama Mdogo naye hakueleza. Aliita kijana wa mkokoteni, wakaipandisha cherehani ya kola na matundu, akafunga mikebe yake miwili ya vifungo kwenye khanga, akaondoka. Mama alibaki amegeukia ukuta. Kati ya sare arobaini, kumi na nane zilikuwa zimeungwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imekamilika. Siku zilizobaki zilikuwa nane.

Redio alisimama katikati ya chumba na sumaku yake mkononi. Mahali palipokuwa na cherehani ya pili palibaki alama nne za miguu yake sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, ile furaha ya kujua mambo ilimtoka yote.

Jumamosi mama alijaribu kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Redio alimtazama kutoka kwenye kiti cha pembeni. Mama aliishika sindano mbali, mkono ukiwa umenyooka, akakodoa macho, akalenga tundu mara tatu na kukosa mara tatu. Aliposhona, tundu la kwanza lilikwenda upande. La pili likawa kubwa kuliko kifungo. Katika la tatu sindano iliingia kidoleni, na tone la damu likadondoka juu ya kitambaa cha buluu.

Redio aliinuka kuleta maji, na akiwa njiani jambo likamjia waziwazi. Mishono ilikuwa inapinda kweli. Mama alikuwa haoni vizuri. Ilikuwa hivyo kwa miezi, tangu alipoanza kusema mikono yake ina jasho.

Jumapili, baada ya ibada, watoto walikutana kwenye darasa lao la Biblia. Aliyewafundisha alikuwa fundi viatu mwenye ndevu za mvi, ambaye wao walimwita Mwalimu Soli. Alikuwa na mtindo wake. Aliandika mafundisho ya kitabu cha Mithali kwenye vikaratasi, akavitia katika boksi la viatu, na kila mtoto akachomoa kimoja. Hakutaka mtoto akariri tu. "Kukariri hata kasuku anaweza," alizoea kusema. "Niambie utalitumia wapi neno hilo, jikoni, shuleni au njiani."

Redio alichomoa chake, akakisoma, akasimama. Alikuwa bingwa wa kusimama mbele za watu. Kwa sauti ya kupendeza alieleza kwamba moto usipopata kuni huzimika, na vivyo hivyo pasipo mtu wa kupeleka maneno huku na huku, ugomvi hutulia. Watoto walipiga makofi.

"Vizuri," alisema Mwalimu Soli. "Sasa tuambie, wiki hii umeona wapi moto wa namna hiyo?"

Redio alifungua kinywa. Kinywa kile ambacho hakikuwahi kukosa la kusema kilibaki wazi, kikafumba, kikafunguka tena. Watoto wakaanza kucheka wakidhani anaigiza. Mwalimu Soli hakucheka. Alimwashiria aketi, akamwita mwingine.

Darasa lilipokwisha, Redio alibaki akikusanya vikaratasi ambavyo tayari vilikuwa vimekusanywa. Mwalimu Soli aliketi kwenye ngazi ya mlangoni.

"Njoo ukae. Karatasi zimeshakaa vizuri."

Redio akaketi, akamweleza. Alianza kwa kuzunguka, akasema kwamba kulikuwa na watu wawili fulani, na mtoto mmoja fulani. Mzee alimsikiliza mpaka wale watu fulani wakawa mama, Mama Mdogo na yeye mwenyewe. Machozi yakaanza kumdondoka kwenye magoti.

"Nilidhani namtetea mama," alisema.

"Pengine kidogo. Lakini kama ungekuwa unamtetea, ungesikiliza mpaka mwisho."

"Nifanye nini, mwalimu? Nikiomba msamaha itatosha?"

"Msamaha wa juu juu ni kama gundi kwenye soli iliyochanika. Kesho inabanduka. Mtu akiniletea kiatu, nafungua pale palipoharibika, nasafisha, ndipo nashona. Nenda ukaseme yote. Ulilosikia, ulilolikata, na uliloongeza. Kila moja kwa jina lake. Usiseme tu 'nilikosea' ukakimbia."

"Watanichukia."

"Huenda wakakukasirikia. Hilo utalivumilia. Lakini kuni zilizopelekwa na mkono wako, hakuna mwingine anayejua ni zipi za kuondoa."

Redio alifuta uso kwa mkono wa gauni. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo, kwa sababu alijua akipita nyumbani kwanza ujasiri utamwisha.

Alimkuta ameketi barazani, cherehani yake ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, mikono yake haina kazi. Redio alisalimu, "Shikamoo, Mama Mdogo," akaitikiwa kwa upole uliomuumiza zaidi. Akasimama wima kama anayesoma mbele ya darasa, ila sauti haikuwa ya kupendeza hata kidogo.

"Jumanne nilisimama mlangoni. Nilisikia ukisema mishono ya mama inapinda na umefumua kola tatu. Hilo nililisikia. Nikaondoka kabla hujamaliza. Hilo nililikata. Nikamwambia mama umesema imepinda kama njia ya ng'ombe, na kwamba apewe kazi mtu mwingine. Hayo niliyatunga. Na mama hakusema kwamba unamla kisogo. Alisema alidhani anakujua. Alikuwa analia."

Mama Mdogo alivuta kitambaa kilichofunika cherehani, akakinyoosha. Kuku alipita barazani, akatoka.

"Muuguzi mkuu aliniuliza napendekeza nini," hatimaye alisema. "Ulisikia nilivyomjibu?"

"Hapana."

"Ungengoja pumzi mbili tu ungesikia. Nilimwambia asimwondolee mama yako hata sare moja, maana katika mji huu hakuna anayekata kitambaa kama yeye. Nikamwomba amtafutie nafasi kwa daktari wa macho." Aliingiza mkono kwenye mkebe wa vifungo, akatoa kadi ndogo. Ilikuwa na jina la mama, na chini yake: Jumatano, saa tatu asubuhi. "Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia bila kumwaibisha. Unajua mama yako. Hata mafua huyaita vumbi."

Redio aliitazama kadi. Hilo ndilo lililokuwa katika nusu aliyoiacha mlangoni.

"Twende wote umwambie," aliomba.

"Siji sasa. Nikija mimi, ataisikiliza hasira yake badala ya kukusikiliza wewe. Nenda na kadi. Mwambie nipo."

Mama alikuwa mezani, sare imetandazwa, hajaigusa. Redio aliiweka kadi mbele yake kwanza, kisha akasema yote kama alivyoyasema barazani. Alipomaliza, mama aliisogeza kadi mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. Mwishowe akampa.

"Nisomee."

Redio alimsomea.

"Rudia ulichosikia. Maneno yake tu, yako uyaache."

Redio alirudia. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza kuhusu njia ya ng'ombe, na Redio akakiri tena kwamba ng'ombe alikuwa wake. Mama alikaribia kucheka, lakini machozi yakamwahi.

"Nilijua macho yangu yanachoka," alisema. "Nilijificha. Nikajiuliza, fundi asiyeona atashona nini, nani atampa kazi? Ndiyo maana maneno yako yalinichoma. Yaliangukia mahali palipokuwa na kidonda tayari." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Wewe umekosa, na adhabu yako ipo. Matundu yote niliyoyaharibu jana utayafumua wewe, uzi kwa uzi, bila kukata kitambaa. Lakini na mimi nimekosa. Maandiko yanasema anayejibu kabla hajasikia anajiletea aibu. Nimejibu siku tatu nzima bila kuuliza swali moja."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama, mama alivaa viatu akaenda kwa Mama Mdogo. Redio alimfuata nyuma hatua kadhaa. Mama alisimama mbele ya baraza, akakosa pa kuanzia.

"Nimekuja kuchukua cherehani," alisema.

"Hiyo haitembei bila mwenyewe," alijibu Mama Mdogo.

"Basi nimekuja kumchukua na mwenyewe. Nisamehe, ndugu yangu. Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kukuambia kabla sijamwambia mtu mwingine. Nisamehe na wewe."

Walikumbatiana, wakasukumana kidogo kama wasichana, wakaanza kubishana nani alikuwa mkaidi zaidi. Kijana wa mkokoteni aliyeitwa tena alikuna kichwa. "Mama, hii cherehani si ndiyo niliyoileta juzi?" Akaambiwa aache maswali, ashike upande ule.

Siku zilizofuata hazikuwa na mchezo. Redio alitoka shule moja kwa moja hadi kwenye kiti chake, akafumua matundu kwa ncha ya wembe wa fundi na kwa subira ambayo hakujua kama anayo. Kichwa kiliuma, vidole vikafa ganzi. Rafiki yake wa darasani alichungulia dirishani kumpa habari motomoto ya shuleni. Redio alimwambia, "Niache nimalize hili," na habari ikaondoka ilivyokuja. Alishangaa kuona dunia haikupungua kitu.

Jumatano mama alikwenda kwa daktari wa macho. Alirudi alasiri na kijaluba kidogo cheusi. Aliketi kwenye cherehani yake, akakifungua, akavaa miwani. Mama Mdogo na Redio walimtazama. Mama alichukua sindano na uzi, akatunga kwa mara moja. Halafu akavuta sare moja aliyoishona wiki mbili zilizopita, akaipitishia macho kutoka kwapani hadi pindoni.

"Kumbe," alisema taratibu. "Hii ni njia ya ng'ombe kweli."

Mama Mdogo aliinamia meza kwa kicheko mpaka pasi ikasahauliwa na ubao ukaanza kunuka. Redio hakujua kama anaruhusiwa kucheka, mpaka alipomwona mama naye ameshika tumbo. Kisha mama akamgeukia. "Njoo hapa nikuone vizuri. Umekua, mwanangu. Na shingoni hukunawa."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji kwenye mteremko. Mama alizipitia sare zote, akafumua zilizopinda bila kuona haya, akazinyoosha. Cherehani mbili zikazungumza dirishani, wimbo ukapata mwanzo na mwisho. Alhamisi zikakamilika sare ishirini na tano. Ijumaa saa kumi na moja jioni, Redio alishona kifungo cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe, kifungo cha sita cha sare ya arobaini. Mama alikivuta kukijaribu. Hakikutikisika.

Jumamosi asubuhi mji mzima ulikuwa mbele ya zahanati mpya. Kuta zilikuwa bado zinanukia rangi. Milango ilipofunguliwa, wauguzi arobaini walitoka wawili wawili, buluu ikimetameta, kola nyeupe zimekaa shingoni kana kwamba zilizaliwa hapo. Watu walishangilia. Akina mama wakapiga vigelegele. Muuguzi mkuu, mmoja wa hao arobaini, alisimama kwenye ngazi ya juu, akawashukuru wajenzi, akawashukuru waliochanga, kisha akasema mafundi wa sare wanyooshe mikono. Mikono miwili ilinyooka katikati ya umati, imeshikana.

"Nilipokea sare zote arobaini jana jioni," alisema muuguzi mkuu, "nikazikagua mshono kwa mshono. Sikupata hata mmoja wa kurudisha. Mapazia ya wodi zote na mashuka tumewapa wao."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Redio alipiga mpaka viganja vikawaka.

Wakati watu wakitawanyika kutazama vyumba, mwanamke mmoja jirani yao wa mtaa alimsogelea Redio, akainamisha kichwa karibu na sikio lake. "Nasikia wale wawili waligombana vibaya mpaka cherehani ikahamishwa. Kwani ilikuwaje? Wewe si ndiye mwenye habari zote."

Alikuwa nazo kweli. Alikuwa na mkokoteni, mkasi ulioanguka, kuku wa barazani, na sauti za wote angeweza kuziiga. Ingekuwa hadithi tamu kuliko zote alizowahi kusimulia. Redio aliisikia imejaa mdomoni. Akaimeza.

"Hayo ni yao, mama, na yamekwisha," alisema kwa adabu. "Wale pale, unaweza kuwasalimu."

Jirani alimtazama kama mtu aliyebonyeza swichi na taa isiwake. Akaondoka.

Redio aligeuka, akamkuta mama yake nyuma yake. Alikuwa amesikia. Mama alimshika bega, akainama mpaka miwani yake ikawa usawa wa macho ya mtoto.

"Sikiliza, mwanangu. Kulisoma neno la Mungu kwa sauti nzuri unaweza tangu zamani, na watu wanakupigia makofi. Leo umelifanya, na hakuna aliyekupigia makofi, ila mimi nimeona. Neno la mtu likifika kwako ni amana. Kama si lako kulipeleka, liache. Ukitumwa nalo, lifikishe zima, usilipunguze, usilitie kiraka. Na kama umesikia nusu, rudi ukaulize nusu ya pili. Nusu moja tu ilitaka kutugharimu kazi, macho na ndugu."

"Nimeelewa, mama."

"Najua." Mama alijinyoosha, akatazama umati. "Haya, kamwambie Mama Mdogo tunapiga picha sasa hivi, na muuguzi mkuu anataka tusimame katikati, Mama Mdogo kulia na mimi kushoto."

Redio alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia Mama Mdogo, aliyekuwa akimwekea muuguzi mmoja kola sawa.

"Mama anasema tunapiga picha sasa hivi," alisema, "na muuguzi mkuu anataka msimame katikati, wewe kulia na mama kushoto."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema. Yote."

Mama Mdogo akamshika mkono, wakaenda kupiga picha.